Ndeti Atangulie, Mimi Nifuate

Jumatatu, 3 Machi 2025
Nimepata tangazo! Mhandisi Mwandamizi wa Akili Bandia, kampuni ya kilimo, ofisi katikati ya jiji. Miezi minane sina kazi. Nalala sebuleni kwa dada yangu Mwihaki, hapa Kangemi, na shemeji ameanza kuuliza kochi lake litapumzika lini. Kazi hii naitaka kuliko chakula.

Lakini mimi si wa kurukia mambo. Nimelichambua neno kwa neno. "Mshahara wa kuvutia": wanaficha. "Sisi ni familia": familia naijua. "Na majukumu mengine utakayopewa": nitaosha vikombe. Mwihaki, muuza nyanya, akasema niwapigie simu tu niwaulize. Simu! Ndiyo maana anauza nyanya.

Jumanne, 4 Machi
Mpango umeiva. Kabla sijaomba mimi, aombe mtu mwingine, tuone watamtendeaje. Mtu huyo hayupo, basi nimemuunda. Anaitwa Hezekiah Ndeti. Nimempa barua pepe na laini yangu ya pili. Wasifu wake sikuutolea jasho: miaka mitatu ya kazi, pamoja na ile programu niliyomtengenezea Mwihaki. Ukipiga picha kreti, inakuambia nyanya zipi zitaoza kesho. Aibu tupu. Mhandisi mzima nijitambulishe kwa nyanya?

Ijumaa, 7 Machi
Ndeti amejibiwa, tena kwa heshima. Kumbe kazi ni ya kweli! Nimetuma wasifu wangu papo hapo. Uzoefu wa miaka kumi na mitano. Mtaalamu wa kimataifa. Nyanya nimeziacha nje. Mwihaki akauliza kazi hiyo niliianza nikiwa darasa la ngapi. Wivu.

Jumatatu, 10 Machi
Asubuhi nimejibiwa mimi: Bwana Waithaka, tunasikitika kukuarifu. Mchana laini ya pili ikalia. Mkuu wa idara, Bi. Mahira, anamtaka Ndeti kwa mahojiano Jumatano. Wakulima wao wanapoteza nyanya kila wiki, na programu ile ndiyo waliyokuwa wakiitafuta. Nikashukuru kwa sauti nzito ya Ndeti. Kisha nikarudi kwenye kochi. Nimeshindwa na mtu ambaye hayupo. Imeniuma sana.

Jumatano, 12 Machi
Nimekwenda kama Ndeti. Suti ya shemeji. Kila swali nimelijibu kichwani mara tatu. Mlangoni askari, Abdulfatah kwa mujibu wa beji, akaomba kitambulisho. Nimezaliwa Nairobi hii! Sijawahi kuingia jengo lolote la mjini bila kuulizwa kitambulisho, na jambo hilo halikunipitia akilini! Akakisoma, akatazama orodha, akakisoma tena. "Boss, hapa nimeandikiwa Ndeti. Wewe ni Waithaka. Sasa nimfungulie nani?"

Akapiga simu juu. Bi. Mahira akashuka mwenyewe, mtu mpole kabisa, akauliza kuna shida gani. Hapo ndipo ningesema. Maneno yalikuwa mdomoni: Ndeti ni mimi, nyanya ni zangu.

Nikasema Ndeti ni rafiki yangu na amefariki jana.

Bi. Mahira alitokwa na machozi. Nami nikalia, kweli kweli.

Alhamisi, 13 Machi
Nimemweleza Mwihaki yote. Hakucheka, na nilitamani acheke. Akasema katika nyumba hii mtu mmoja tu ndiye aliyepata kazi mwaka huu, nami nimemuua. Ni kweli. Najuta tangu asubuhi. Hata chai imenishinda.

Ijumaa, 14 Machi
Ujumbe wa Bi. Mahira! Kwanza rambirambi. Halafu: nafasi bado iko wazi hadi Jumatatu, na kama programu ya nyanya tuliitengeneza pamoja na marehemu, nije na kitambulisho changu tuzungumze. Mwihaki amenipigia shati pasi. Amesema niende leo leo, nikaseme ukweli, niombe msamaha, maana mlango kama huo haufunguki mara mbili.

Nimeusoma ujumbe mara tisa. Mbona wananiita kirahisi hivi? Tangazo lilikuwa na masharti kumi na saba, leo hakuna hata moja. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Kwa hiyo nimemuunda Shem, mwanafunzi wa marehemu, nikamtanguliza. Barua yake imeondoka saa nne. Wakimpokea vizuri, nami nitakwenda.