Dawa ya Kukaa Kwenye Foleni

Kilichomfungua macho Profesa hakikuwa chuo, maana chuo alikijua kwa nje tu. Ilikuwa foleni ya wastaafu mbele ya benki. Kila mara mzee mmoja alichomoka, akakimbia kwa heshima zake kuelekea choo cha nyuma, na akirudi anakuta nafasi imezibwa na mgongo wa mwenzake.

"Nilikuwa hapa mimi!"

"Ulikuwa. Sasa uko kule mwisho."

Profesa aliwaonea huruma, na huruma ilipokwisha akaanza kuwaza biashara. Kesho yake alirudi na koti jeupe, madumu ya dawa ya asili ya kibofu, na uso wa mtu aliyerithi siri za babu. Dawa yenyewe ilikuwa ndevu za mahindi, zile zinazotupwa sokoni, zilizochemshwa mpaka zikatoa rangi ya kuaminika. Zinafanya nini mwilini hakujua, wala hakuona haja ya kujisumbua.

"Wazee wangu, hii inakifunga kibofu kama kufuli. Unakunywa, unatulia, dirishani unaitwa ukiwa palepale."

Wakanywa. Wakachomoka mara mbili zaidi.

"Huo ni uchafu wa zamani unatoka, baba," Profesa akawafariji. "Ongeza chupa."

Tusimhukumu haraka. Mkewe alikuwa amerudi kwa mama yake na mtoto mchanga mgongoni, amechoka kulala sebuleni kwa watu. "Maneno yako nimeyashiba," alimwambia mlangoni, tena mlango wenyewe wa kuazima. "Siku ukinionyesha mlango wenye ufunguo wako, tutarudi."

Na mlango ukajileta wenyewe. Mzee mmoja mnene mwenye kofia, aliyejulikana mtaani kama Mwenye Nyumba, alimwita pembeni.

"Kijana, nina chumba cha duka, nyuma kuna pa kulala. Nifundishe dawa hiyo, chumba ni chako. Lakini mimi sinunui mbuzi kwenye gunia. Tukae wawili, tunywe sawasawa. Nikisimama kwanza mimi, chukua ufunguo. Ukisimama wewe, dawa ni uongo, na kila ulichonacho ni changu."

Profesa akampima: umri ule, tumbo lile. Huyu hamalizi kikombe cha pili. Akampa mkono haraka kabla mzee hajapata akili.

Walikaa chumbani, viti viwili, dumu katikati. Chumba kilikuwa kizuri. Profesa alishapanga kitanda kiwe wapi na mtoto alale upande gani. Wakanywa. Wakanywa tena. Kwenye kikombe cha tatu Profesa akaanza kujikaza kisabuni.

"Mbona unatikisa mguu?" mzee akauliza.

"Mazoezi."

"Aa. Nikusimulie mwaka ule wa mafuriko?"

"Tuongee mengine, mzee wangu."

"Basi bomba langu la jikoni lilivyopasuka. Lilianza tone, tone, tone..."

Profesa alimwaza mkewe. Alimwaza mtoto. Aliukodolea macho ufunguo uliolala juu ya goti la mzee, akaapa kwamba hasimami. Mzee akajimiminia kikombe kingine, taratibu, kutoka juu, ili kisikike.

Profesa alitoka kama mtu aliyeitwa na serikali.

Aliporudi, amepungua na amenyong'onyea, alimkuta binti wa mzee amepiga magoti, amekunja mguu wa suruali ya baba yake. Ndani kulikuwa na mfuko wa plastiki wa hospitali, ule wa kukingia mkojo, umefungwa kwenye paja, na mpira unapanda juu.

"Baba, umejaa kabisa huu. Niumwage?"

"Umwage, mama."

Profesa aliunyooshea mfuko kidole. "Mzee! Umenidanganya!"

"Nimekudanganya nini? Ulishauliza? Tulisema anayesimama kwanza ndiye kashindwa. Mimi nimesimama?" Mzee akanyoosha mkono. "Koti."

Alilivua. Alikuwa amewaingiza wengi mjini. Leo kaingizwa yeye, tena na mtu aliyeketi.

Alipofika mlangoni mzee akamwita. "We Profesa. Kuchemsha mimi sijui. Chemsha, na siku ya pensheni unitolee ushahidi. Madumu yakiisha, ufunguo chukua."

Siku ya pensheni Mwenye Nyumba alikaa kwenye kiti mbele ya benki, koti jeupe limembana tumboni. "Wazee wenzangu, mimi tangu mwezi uliopita sijakimbilia choo hata siku moja!"

Wastaafu wakamgeukia Profesa. "Wewe kijana, ni kweli?"

Simu ikatetemeka mfukoni: mkewe, akiuliza habari za mlango. Profesa akasema maneno ya kwanza ya kweli aliyowahi kuyatoa mbele ya foleni ile.

"Wallahi ni kweli. Nilikuwepo. Amekunywa vikombe vinne, na huyu mzee hakusimama."

Madumu yakaisha kabla benki haijafungua.