Kikao ni Kukaa: Hotuba ya Kufungua Chumba cha Mikutano

Mheshimiwa Bibi Mkaguzi wa Majengo, Samani na Mambo Yanayofanana na Hayo kutoka Makao Makuu, uliyepanda ngazi zetu arobaini na mbili bila kupumzika hata kwenye kona. Mheshimiwa Kaimu Mkuu wa Idara ya Vipimo na Mizani, unayekaimu mwaka wa sita sasa na umeshazoea. Waheshimiwa Wakuu wa Vitengo, wasaidizi wenu, na wale wanaojiita wasaidizi wenu. Ndugu Karani wa Masjala. Ndugu Dereva, uliyeacha gari linaunguruma huko chini. Mama Chai na birika lako. Shemeji yangu Fundi Seremala, uliyemwoa dada yangu. Mastekiholda, yaani wadau wote wa ndani na wa nje mliosimama katika korido hii tangu saa tatu asubuhi. Na mimi mwenyewe, Mwenyekiti wa Kudumu wa Kamati ya Kudumu ya Chumba cha Mikutano, maana nisipojitaja mimi sijui nani atanitaja: vyeo vimeisha, na kama kuna aliyebaki nje ajihesabu yuko ndani. (Makofi. Mtu anapiga chafya.)

Leo ni siku kubwa. Nyuma ya pazia hili la maua mekundu, ambalo Bibi Mkaguzi atalivuta muda si mrefu, muda ambao nitautangaza mimi...

(Mama Chai: “Mzee Futi, hilo si shuka la kitanda chenu?” Kicheko.)

Ni shuka, Mama Chai, likilala. Likisimama wima linaitwa pazia. Mimi ni mtu wa majina sahihi, na jina la Mzee Futi sikupewa bure. Nimepimia idara hii kwa nyayo zangu miaka thelathini na minne, wakati wenzangu wanatafuta tepu iliko. Niliingia hapa nabeba mawe ya mizani. Elimu yangu ni darasa la pili, ambalo nililisoma mara mbili, kwa hiyo ukijumlisha ni la nne, na bado nimewaongoza watu wenye digrii, wakaongozeka. (Makofi machache upande wa masjala.)

Tusifichane. Bahasha iliyo kwapani kwa Bibi Mkaguzi naijua. Ina karatasi mbili. Ya kwanza ni hati ya kupokea chumba. Akiisaini, mimi naongezewa miaka mitatu ya uenyekiti. Ya pili ni barua ya kunistaafisha, na akiitoa hiyo, kesho niko nyumbani, ambako mama watoto ameshaninunulia nyundo na kunionyesha banda la kuku la kukarabati. Waheshimiwa, mimi na wale kuku hatuelewani. Kwa hiyo nisikilizeni vizuri, na Bibi Mkaguzi asikilize kuliko wote.

Chumba cha mikutano chenye ufanisi, yaani chenye efishensi ya kiwango cha eksekutivu, hakioti kama uyoga. Kinafanyiwa upembuzi yakinifu, na mpembuzi ni mimi. Nimegundua kwamba asilimia sitini na tatu ya mikutano hufa kwa sababu ya meza, asilimia hamsini na nane kwa sababu ya viti, na asilimia ishirini na moja kwa sababu ya watu wenyewe. Jumla ni asilimia mia moja na arobaini na mbili, ambayo maana yake tatizo hili ni kubwa kuliko lenyewe. (Minong'ono ya mshangao. Karani anaandika, anafuta.)

Tukaanza na meza. Karani alitaka meza ya duara, akasema ni ya kisasa, kila mtu anamwona mwenzake. Nikamuuliza, mwanangu, meza ya duara kichwa chake kiko wapi? Na kama haina kichwa, mwenyekiti akae kwenye nini, kwenye ubavu? Nikaamua meza iwe na umbo la yai, kwa kuwa yai lina ncha moja iliyochongoka kuliko nyingine, na ncha hiyo ni yangu. Viti viwe vya aina mbili: vya magurudumu kwa wanaokubali hoja, ili wasogee mbele na maendeleo, na visivyo na magurudumu kwa wanaopinga, wabaki na mawazo yao hapo hapo. Madirisha yawe juu, mjumbe aone mbingu asione nani amepita barabarani amevaa nini. Milango miwili, mmoja wa watu wote na mmoja wa wachelewaji, na huo wa pili mtu ataingia kinyumenyume, ili akionekana ionekane anatoka. Na ekostiki, waheshimiwa! Ekostiki ya hali ya juu, sauti ya mwenyekiti ifike kila pembe, na sauti ya mbishi igonge ukuta imrudie mwenyewe! (Vigelegele. Kaimu Mkuu anapiga makofi kabla ya wakati, anaacha, anaanza tena.)

(Dereva: “Mzee wangu, yote matamu. Sasa ujenzi ulianza lini? Maana mimi napaki hapo chini kila siku na sijaona hata toroli.”)

Swali zuri, Ndugu Dereva, na ungekuwa na kiti ningekunyima magurudumu. Sikilizeni nyote. Kanuni yetu ya kumi na nne inasema maamuzi yote makubwa ya idara, ya ujenzi na ya utumishi, yatapitishwa na wajumbe tisa, dereva na fundi seremala wakiwemo, katika kikao halali. Na mimi nikawauliza hawa wenye digrii: kikao ni nini? Wakaanza kunisomea vitabu. Nikawaambia fungeni. Kikao ni kukaa. Neno lenyewe linajieleza; usipokaa, si kikao. Sasa sisi tulikuwa tunakutania wapi? Hapa, koridoni, wima, kwa sababu chumba cha mikutano hatuna. Kwa miaka mitatu nimewaitisha wajumbe mara arobaini na moja, na mara zote arobaini na moja nimeangalia miguu yao na kutangaza kwa sauti: “Ndugu wajumbe, hiki si kikao. Huu ni msimamo.” (Kicheko kirefu. Mama Chai anajipangusa macho.)

Chekeni, lakini nani mwenye msimamo katika idara hii kama si mimi? Ninayo misimamo arobaini na moja kwenye faili! Na hapo ndipo utaalamu wangu ulipo, Bibi Mkaguzi, naomba unielewe taratibu, bila haraka. Barua ya kumstaafisha mtu ni ya utumishi. Lazima ipite kwenye kikao halali. Na watu wote hapa, kwa macho yangu, wamesimama. (Anaangalia kulia na kushoto, anatabasamu. Kaimu Mkuu anakuna kichwa.)

Kwa hiyo hotuba yangu ina kurasa tisini, na zote zitasikilizwa wima. Tuko ukurasa wa nne.

Naona Bibi Mkaguzi anabadili miguu. Ni viatu, mheshimiwa; hata vyangu vinanibana, tuvumilie kwa pamoja. Naona anavivua. Sawa, kuvua hakukatazwi, sakafu yetu ni baridi nzuri. Naona... mheshimiwa. Mheshimiwa, unainama kutafuta nini? Umeangusha kitu? Ndugu Karani, msaidie mgeni, asi...

(Bibi Mkaguzi anaketi sakafuni, mgongo ukutani, miguu ameinyoosha. “Endelea tu, baba,” anasema. “Nakusikia vizuri zaidi nikiwa nimekaa.”)

Hapana, mama! Siyo hapo! Patakuchafua! Yeye si mjumbe, waheshimiwa, yeye ni mgeni, kukaa kwake hakuhesabiki. Ninyi simameni imara. Karani! Wewe ni kijana, una magoti mapya, unakaa kwa nini? Mmoja. Mkuu wa Kitengo cha Mizani, wewe jana ulinilalamikia mgongo, ukikaa hapo nani atakuinua? Wawili, watatu. Mama Chai!

(Mama Chai, akikalia birika lililofunikwa: “Mimi ni mjumbe wa ustawi, mzee. Na miguu imeniwaka tangu uanze na yai.”)

Wanne! Wa tano, wa sita, jamani, kama kuku wa jioni! Kaimu, mheshimiwa wangu, wewe angalau kaimu kusimama! Wa saba. Dereva wa nane, na gari anamwachia nani. Shemeji. Shemeji yangu. Nakuomba mbele ya watu. Umebaki wewe peke yako. Nilikupa dada yangu nikakusindikiza mpaka mlangoni, sikukuomba kitu. Leo nakuomba magoti yako tu. Yanyooshe.

(Fundi Seremala, akishuka taratibu: “Dada yako ndiye aliyeniambia nikae, shemeji. Anasema wifi yake amechoka kukungoja.” Anaketi. Korido yote inalipuka kwa makofi.)

Tisa.

Nimewahesabu mara mbili. Ni tisa. Ningeweza kusema huu ni mchutamo, naona Mkuu wa Mizani hajagusa chini sawasawa, lakini hapana, amegusa. Miaka thelathini na minne sijaliita jambo jina lisilo lake, na sitaanza leo. Ndugu wajumbe, akidi imetimia. Hiki ni kikao. (Bibi Mkaguzi anafungua bahasha.)

Kabla hajasoma, niitikieni kwa nguvu. Kikao! (“Kukaa!”) Msimamo! (“Ni wako!”) Chumba cha mikutano! (“Kiko wapi?”) Juu! Chumba cha mikutano! (“Kiko wapi?”) Nimesema juu!

Basi nimalizie kwa shukrani. Namshukuru mchora ramani, ambaye hajawahi kuchora. Namshukuru fundi mwashi, ambaye hatukumwita, na hakuja, mtu wa nidhamu sana. Nakushukuru Shemeji kwa meza ya yai, uliyokuwa tayari kuichonga siku yoyote ukionyeshwa ubao. Namshukuru mama watoto kwa shuka. Na zaidi ya wote naushukuru ukuta ulio nyuma ya shuka, ambao umekuwa ukuta tangu jengo hili lijengwe, haukuwahi kupimwa wala kuguswa, na leo mkivuta pazia mtaukuta ni ukuta vile vile.

(Bibi Mkaguzi anasoma barua, kisha: “Wajumbe wanaokubali mzee wetu akapumzike, wanyooshe mikono.” Mikono tisa inanyooka. Wa Kaimu Mkuu ni wa kwanza, na anaongeza wa pili.)

Ahsanteni. Ahsanteni sana, shusheni, mtachoka. Shughuli za kuagana nimehudhuria nyingi, lakini sijaona mahali ambapo mtu mmoja amepungiwa na wote, mpaka bosi akatumia mikono miwili. Nami nawapungia.