Msaragambo wa Kupalilia Hadithi

Jumatatu, 2 Juni
Leo nimekuwa mwandishi. Bado sijaandika, lakini hilo ni jambo dogo.

Mwalimu Agatha, mstaafu anayetunza maktaba ya kanisa hapa Myamba, ametangaza kuwa Jumapili hadithi moja ya mwanakijiji itasomwa mbele ya usharika mzima. Nimemwambia mke wangu Fortunata kuwa ni yangu. Fortunata akampigia simu mama yake aliyeko Makanya, huko chini tambarare. Mama mkwe anapanda kuja kusikiliza! Huyu ndiye aliyesema siku ya posa kwamba Loth ana maneno mengi kuliko matendo. Sasa lazima ichaguliwe. Nikiaibika mbele ya mkwe, nahamia bwawa la Nyumba ya Mungu kuuza samaki.

Mpinzani ni mmoja tu, Paschal mwenye duka. Anasoma vitabu vitatu kwa wiki. Maskini, ataandika saa ngapi?

Jumanne, 3 Juni
Nimemuuliza Mwalimu siri ya uandishi. Akasema soma. Nikauliza ukurasa gani. Akasema yote. Akaniazima kitabu kinene. Kimetosha vizuri chini ya mguu wa meza yetu inayocheza.

Ila nina dukuduku. Paschal hucheka peke yake dukani, macho kwenye kitabu. Kuna nini humo? Nikachungulia begani kwake. Herufi tupu! Hata picha moja hakuna. Baadaye nikamwona akiandika. Mstari mmoja, anausoma kwa sauti ya chini, anaukata, anaandika tena. Anakata! Kumbe siri ndiyo hiyo.

Nyumbani nimeandika kurasa tisa bila kupumua, kisha nikakata mistari arobaini. Nilifumba macho, nisiupendelee mstari wowote. Daftari linapendeza.

Alhamisi, 5 Juni
Mwalimu amesoma. Akavua miwani, akaifuta, akasoma tena. Akasema kwa upole kuwa hadithi imemezwa na magugu. Inataka palizi ya kwanza na ya pili, na nisiionee huruma.

Palizi! Si angesema mapema? Nani Myamba anapalilia peke yake? Jumamosi naita msaragambo, kijiji kizima kinisaidie. Nimemwambia Fortunata aloweke mahindi na maharage ya makande ya kutosha. Hakuuliza ni shamba gani.

Jumamosi, 7 Juni
Wamekuja kumi na tisa, majembe begani. Wakauliza shamba liko wapi. Nikaonyesha daftari. Mzee Eliamini akasema makande yameshabandikwa, basi kazi ifanyike.

Wakapalilia kweli. Jirani yangu Priska kamng'oa chui. Anasema tangu aolewe huku hajasikia habari za chui. Mzee Eliamini kang'oa uzuri wote wa shujaa, maana shujaa anaitwa Loth na mzee ananijua. Kufikia mchana ulibaki mstari mmoja: Mama mkwe alipanda mlima na mzigo wake, na hakuna aliyempokea.

Nikausoma kwa sauti. Wakaacha kutafuna. Priska akauliza mzigoni mna nini. Sijui! Hata mimi nilitamani kujua, mpaka mwili ukanisisimka. Mwalimu Agatha akaninong'oneza niketi saa hiyo hiyo, niandike mpaka nijue. Niliketi. Nikala sahani mbili kwanza. Usingizi ukanichukua.

Jumapili, 8 Juni
Imesomwa ya Paschal. Ni habari ya jembe la bibi yake tu, lakini nilisahau kumchukia. Nilitaka kujua jembe litaishia wapi. Amesema ameiandika mara sita. Pole yake, kukosea mara tano!

Mama mkwe alikaa benchi la nyuma. Jana mchana alishuka kwenye gari, akapanda mlima na mzigo kichwani, na mimi ndiye niliyetakiwa kumpokea njiani. Nilikuwa nimelala. Leo shikamoo yangu ilitoka kama ya mtoto aliyevunja chungu. Akaitikia marahaba, akafungua mzigo wake. Daftari jipya la kurasa mia mbili na kalamu mbili. Akasema aliambiwa mkwewe ni mwandishi. Niliona aibu hasa, machozi yakanilengalenga.

Jumatatu, 9 Juni
Nimeamka mtu mpya. Nitasoma! Kile kitabu cha chini ya meza nitakigawa kwenye msaragambo, kila mtu sura moja, kisha wanisimulie.

Na daftari la mama mkwe sitalichezea. Nimeshakata mapema mistari ya kurasa sitini tupu. Nikifika ya mia mbili, itabaki kuandika tu.