Dakika Kumi na Moja

Jumatatu, 3 Machi

Leo mtu mzima mwenye mvi ndevuni ameniamkia shikamoo. Mimi! Na pacha wangu, aliyekuwa amesimama hapo hapo, kiwiko chake kinagusa changu, akamwambia habari yako dada. Mtu mwenyewe ni mpiga picha mpya, kafungua studio ghorofani juu ya duka langu, alikuja kujitambulisha. Nikaitikia marahaba huku nimeuma meno. Ningefanyaje?

Niliandike hapa, maana kwingine hawanisikilizi: Dada ndiye mkubwa. Kanitangulia dakika kumi na moja. Mama alisema, mkunga alisema. Mimi ndiye kitinda mimba wa nyumba ile na nina haki zangu. Lakini miaka thelathini ya kushona sare za shule na kutunga uzi kwenye sindano imeniachia mifuko chini ya macho, mikubwa kiasi cha kutia vifungo. Dada ni fundi wa maabara shuleni. Anapima vimiminika, anaandika kila kitu, analala mapema. Uso wake kama shuka iliyopigwa pasi.

Tarehe kumi na mbili Aprili tunatimiza hamsini na tano. Tutapiga picha ya pamoja, kama kila mwaka. Nimeamua. Mifuko itolewe. Dada asijue hata chembe.

Jumatano, 5 Machi

Kliniki. Daktari wa upasuaji ni mama mpole, mikono midogo, kucha fupi. Mikono hiyo ingefaa sana kwenye tundu za vifungo.

Fomu kurasa nne! Je, unavuta sigara? Hapana. Kweli tupu. Taja dawa zote unazotumia, hata za mitishamba. Nikaandika hakuna. Vile vidonge vyangu vya mgongo si dawa, ni mazoea. Vya kitunguu saumu ni chakula. Nani atakuja kukuchukua na kukaa nawe saa ishirini na nne za mwanzo? Nikaandika: mwenyewe. Nesi akasoma, akaniangalia, akasema mwenyewe haikubaliki.

Kisha akanifunga kile kitambaa cha kupimia presha mkononi. Mia moja sabini na nane kwa mia moja na nne. Akapima tena. Nesi akipima mara mbili si dalili njema. Daktari akanieleza taratibu, kama mtu anayemfunza mwanafunzi, kwamba hagusi jicho la mtu mwenye presha hiyo. Damu inaweza kuvuja nyuma ya jicho na mtu asione tena.

Nikamwambia nilipanda ngazi mbio. Akasema sawa, nije Jumanne nikiwa nimetulia. Ikiwa bado iko juu, barua ya kwenda kwa daktari wa presha hii hapa, nianze dawa, upasuaji tutauzungumza baadaye.

Baadaye! Picha haisubiri baadaye. Barua nimeikunja mara nne nikaichomeka kwenye kopo la pini.

Alhamisi, 6 Machi

Nilikuwa napinda pindo la sketi ya arobaini na moja wazo liliponijia. Kinachopimwa ni mkono. Na mkono mwingine mfano wa wangu upo mjini hapa hapa, una hadi kovu la chanjo mahali pale pale. Presha yake haijawahi kumsumbua mtu.

Nimecheka peke yangu mpaka nikajichoma sindano.

Jumanne, 11 Machi

Asubuhi nikamwambia Dada kuna kliniki nzuri, wanapima presha, umri wetu unadai. Mimi nimebanwa na sare, atangulie yeye. Achukue kadi hii, ampe nesi, anyooshe mkono. Asiongee sana, wale watu wana shughuli.

Akaenda. Akakaa huko saa tatu nzima! Presha haipimwi kwa saa tatu.

Alirudi ametulia tuli. Akaketi kwenye stuli ya wateja, akaweka kadi yangu juu ya cherehani. Akasema nesi alimwita kwa jina langu naye akamsahihisha, kwa sababu hana tabia ya kuitikia majina ya watu. Daktari akatoka ofisini, akamtazama, akatazama faili, akaanza kucheka. Kisha akaacha kucheka, akamweleza Dada kila kitu.

Dada hakufoka. Afadhali angefoka. Aliniuliza tu kama kweli nilitaka kukatwa kwa presha yake. Nikasema ukisema hivyo linasikika baya. Akasema anasubiri kusikia namna nyingine ya kulisema.

Halafu! Huku anavaa viatu vyake, akasema kope zake za juu zimelegea muda mrefu, zinamziba akisoma alama za vipimo maabara. Alikuwa hajui zinatibika. Kwa kuwa alikuwa pale pale, akamuuliza daktari. Daktari akampima macho, presha, damu. Anafaa. Tarehe ishirini na sita.

Yeye! Ndiye atakayefanyiwa! Nimemtuma mtu akanipimie, karudi kachukua na upasuaji.

Ijumaa, 14 Machi

Dada kanikokota kwa daktari wa presha. Barua aliikuta mwenyewe, alikuwa anatafuta pini. Nimeandikiwa kidonge kimoja kila asubuhi. Chumvi nipunguze. Vile vidonge vya mgongo daktari hakuvipenda, akasema baadhi vinapandisha presha, kanibadilishia. Kanionya dawa ya presha haina haraka, majibu tutayaona baada ya wiki kadhaa.

Hana haraka yeye.

Jumatatu, 17 Machi

Kama kimoja kinashusha kidogo, vinne vinashusha sana. Hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la pili anaiweza. Nikameza vinne, nikapanga kwenda kliniki mchana, nipimwe, nipate tarehe kabla ya Dada.

Nilisimama kumpima mteja kiuno. Duka likazunguka. Nilipofumbua macho nilikuwa juu ya rundo la sketi za bluu, mteja ananipepea na daftari la vipimo. Ashukuriwe Mungu zilikuwa sketi, ingekuwa mikasi je?

Daktari wa presha akasema dawa si uji, eti ukiongeza bakuli unashiba zaidi. Dada alichukua vidonge vyote, akavipanga kwenye kisanduku chenye siku saba. Kila asubuhi anapiga simu kuuliza kama cha leo nimemeza.

Jumanne, 25 Machi

Kesho ndiyo siku. Karatasi ya maagizo Dada kaibandika kwenye mlango wa friji na anaweka alama kwa kalamu nyekundu. Kitunguu saumu na vidonge vyote vya mitishamba ameacha wiki mbili sasa, baada ya kumuuliza daktari. Mboga kapika, kazigandisha. Mito mitatu ipo kitandani, alale kichwa kikiwa juu. Blauzi ya vifungo, asivae kitu cha kupitisha kichwani. Nimemshonea mimi. Sijui kwa nini nimemshonea vizuri hivyo.

Kesho hatakula wala kunywa kitu kuanzia saa waliyomwambia. Nikamuuliza vipi chai kidogo tu, isiyo na maziwa, nani atajua. Akasema yeye atajua.

Halafu nikaiona fomu yake. Pale kwenye mtu wa kukaa naye saa ishirini na nne ameandika jina langu, kwa mwandiko wake wa maabara. Hakuniuliza hata.

Jumatano, 26 Machi

Waliingia naye saa mbili asubuhi. Nesi akanipa kiti karibu na dirisha na gazeti la zamani. Sikusoma hata mstari.

Niliogopa. Naandika wazi. Siku zote tangu kuzaliwa amekuwa upande wa pili wa mlango fulani na mimi nabisha hodi. Leo mlango haukuwa na kitasa.

Akatoka macho yamevimba, ana marhamu usoni, anatabasamu kwa sababu ya zile dawa za usingizi. Daktari akasema imekwenda vizuri. Nikaichungulia mishono. Myembamba, imefuata mkunjo wa kope, hatua sawa kwa sawa. Sina cha kukosoa, na mimi hukosoa kila mshono.

Nyumbani kwake nikamweka kwenye mito mitatu. Kitambaa cha baridi dakika kumi, pumzika, tena dakika kumi. Barafu isiguse ngozi. Kutwa nzima nimemsomea karatasi ya maagizo kana kwamba ni barua kutoka kwa ndugu. Akasinzia. Nyumba kimya. Ilikuwa siku nzuri, ajabu ya mambo.

Ijumaa, 28 Machi

Dada ni zambarau! Macho yamekuwa vijistari, uvimbe umeshuka hadi mashavuni. Nesi alisema kwenye simu ni kawaida, siku ya tatu ndiyo mbaya kuliko zote.

Jirani wa chini akaja kumjulia hali. Akaingia, akamwona Dada, akainama: shikamoo bibi. Kisha akanigeukia mimi. Habari dada.

Habari dada!

Nikamkaribisha viti vyote. Nikaenda jikoni nikasimama mbele ya friji nikacheka bila sauti. Nimerudishiwa dakika zangu kumi na moja na riba ya miaka ishirini.

Lakini uvimbe utapungua, karatasi inasema hivyo. Basi nikashika simu. Nikawaambia walimu wa shuleni kwake, mtaa mzima, hata yule muuza magazeti, kwamba Dada anapenda kutembelewa, waje leo leo. Shikamoo tisa kwa ajili yake. Kwangu hakuna hata moja. Dada alikuwa anaitikia marahaba kwa upole, macho kafumba.

Jumamosi, 29 Machi

Wazo kubwa kuliko yote. Picha! Kwa nini tungoje tarehe kumi na mbili?

Nikamwambia Dada mpiga picha ana nafasi leo tu. Akasema karatasi inasema apumzike. Nikasema atakaa kwenye kiti, kukaa si kupumzika? Alikuwa amechoka kubishana. Tukaenda, nikamshika mkono ngazi zote mbili za studio.

Mpiga picha akamwomba ainue kidevu. Kiatu kikamtoka. Dada akainama kukiokota, na kuinama ndilo jambo la nne lililokatazwa kwenye karatasi. Niliona damu. Inateremka kutoka jicho la kushoto, laini, kama uzi mwekundu unaofumuka.

Sikumbuki nilipiga kelele gani. Nakumbuka nilimketisha, kichwa juu, nikaweka kitambaa safi polepole kama karatasi inavyosema, nikapiga ile namba ya kliniki. Nesi akauliza kama kuna maumivu makali. Hapana. Akauliza kama anaona. Nikanyoosha vidole mbele ya uso wa Dada nikamuuliza ni vingapi. Nilivinyoosha bila kuhesabu, hata mimi mwenyewe sikuwa na hakika. Akasema vitatu.

Vilikuwa vitatu.

Kliniki wakaongeza mshono mmoja. Jicho liko salama. Daktari hakunigombeza, aliniuliza tu nani aliyekuwa na zamu ya kumtunza. Nilidhani nimempofua dada yangu kwa ajili ya shikamoo.

Jumapili, 30 Machi

Nimemwambia yote. Wageni, simu, picha, hata lile la chai, kwamba nilitaka upasuaji uahirishwe. Akasema alijua tangu Ijumaa. Muuza magazeti hajawahi kupanda kwake miaka yote hii, angeshukaje juzi kutoka mbinguni?

Nikamuuliza basi kwa nini aliniacha. Akasema nilikuwa nimefurahi sana, na yeye alikuwa amelala tu, hakuna alichopoteza. Nikamuuliza kwa nini aliniandika mimi kwenye ile fomu, anavyonijua. Akasema hakufikiria. Waliuliza nani, akaandika.

Nililia. Akaniomba nikalie jikoni, maana nikilia atalia na yeye, na daktari hajamwambia lolote kuhusu chumvi kwenye mishono.

Nimeapa. Ujanja basi. Kidonge kimoja kila asubuhi, fomu nitajaza kwa ukweli, zamu yangu nitaisubiri kama watu.

Jumamosi, 12 Aprili

Hamsini na tano! Picha imepigwa. Nyuzi zilitolewa zamani, kope za Dada zimenyooka, makovu huyaoni mpaka uambiwe. Anasoma vipimo vyake bila kuinua kichwa kama kuku anayekunywa maji. Kapendeza. Nimemwambia hivyo kwa mdomo wangu.

Mpiga picha akatuamkia. Shikamoo kwangu. Habari yako dada kwa yule.

Sikuumia. Kidogo tu. Daktari wa upasuaji keshasema presha ikithibitika kutulia atanipangia tarehe, na Jumatatu saa nne ndiyo ninapimwa. Wiki iliyopita ilikuwa imeshuka vizuri kabisa. Kwa hiyo nimepona. Kwa hiyo vidonge nimeviacha tangu Jumanne, vilikuwa vinanipeleka chooni kila nusu saa na sare haziwezi kungoja. Kidonge cha siku hiyo kwenye kisanduku cha Dada nakimwaga kwenye sinki, ili akikagua asipate taabu rohoni. Leo asubuhi nimejipima kwa jirani: mia moja sitini na tano. Kipimo cha jirani kibovu.

Zawadi ya Dada nimempa jioni. Gauni la kijani, la vifungo, na jingine kama hilo hilo nimejishonea mimi. Akafurahi mno, akasema mara ya mwisho kuvaa sare tulikuwa na miaka sita. Nimemwongezea na miwani ya jua, mikubwa, kwa ajili ya kulinda makovu. Karatasi ya maagizo yenyewe inasema ayakinge na jua.

Amekubali kunisindikiza Jumatatu. Sijamwomba kitu kingine chochote. Nimemwomba tu atangulie kuingia kwa nesi, dakika kumi na moja mbele yangu, kama tulivyozaliwa.