Sanduku Zito la Mchumba

Moscow, Jumapili, 4 Oktoba 1769

Mshenga karudi mikono mitupu. Mzee Yermolai, mfanyabiashara wa katani, hamwozi Fetinia kwa muuza mishumaa. Na nilimpelekea noti yangu ya rubli ishirini na tano, hizi hela za karatasi zilizoanza mwaka huu, ina saini za wakubwa! Kainusa, kairudisha. Eti karatasi ni ya kufungia samaki. Mwenye hela husikika anavyohema akizibeba. Savvaty muuza ngozi naye anaposa hapohapo. Juzi sarafu zake za shaba zililetwa na farasi wawili, mtaa mzima ukatoka kutazama. Nampenda Fetinia. Sijala.

Jumanne, 6 Oktoba

Nimepata akili! Noti nimeibadilisha benki kwa shaba. Bega limechubuka, na bado haijazi hata robo ya sanduku. Kwa hiyo chini matofali, juu shaba.

Jumatano, 7 Oktoba

Ushindi! Mwenye gari nilimwambia apite polepole mbele ya Savvaty. Alikuwa mlangoni anakula tango. Akasahau kutafuna. Mzee Yermolai mwenyewe kashika pembe moja ya sanduku, mgongo ukalia ko! Kafungua, kaona shaba, kapiga ishara ya msalaba. Kaniita mwanangu! Harusi Jumapili ya wiki ijayo. Sanduku na ufunguo vibaki kwake.

Ijumaa, 9 Oktoba

Balaa. Mgongo wa mzee umekwama tangu juzi. Kalala juu ya jiko kubwa la udongo, kitanda chetu cha baridi, akitafakari, na leo asubuhi kamtuma mshenga: “Mwambie mwanangu alikuwa sahihi na ile noti yake, hii shaba itatuua. Naipeleka benki wanipe karatasi.” Nimekimbia bila kofia. Nimemkuta karani kashika tofali, anauliza hili ni la rubli ngapi. Foleni nzima ikaangua kicheko, Savvaty akiwemo. Mzee, kifudifudi kwenye gari, hakucheka. Kasema hata mlango wake nisiutazame. Shaba kaichukua, eti ya dawa ya mgongo.

Jumatatu, 12 Oktoba

Fetinia kaposwa na Savvaty. Nimelia, sifichi. Mshenga kanipa supu ya kabichi.

Kosa langu nimeliona: uzito. Mjane Glafira wa duka la asali hataki shaba, anapenda noti tu. Nimeazima moja kwa mshenga, itakaa juu. Chini yake nimepanga karatasi za kufungia mishumaa, nimezikata kwa kipimo kilekile. Mshenga ananionya kwamba mjane huhesabu noti mwenyewe, moja moja. Na ahesabu. Nimekata za kutosha.