Kifurukutwi Changu

Jumatatu, 3 Machi
Mjukuu wangu kapata kazi maktaba! Anakusanya maneno ya kale ya wazee wafuga nyuki, anayatia kwenye kompyuta yasipotee tutakapofukiwa. Kasema hivyohivyo, "tutakapofukiwa", huku anamalizia chakula changu. Bado yuko kwenye majaribio. Bosi akikuta uongo, kazi hana. Kila neno sharti lithibitishwe na wazee wawili: mimi, na shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Yule! Nyuki wake mwenyewe walimkimbiza mpaka akajitumbukiza kwenye pipa la maji. Atakayetoa maneno mengi ataonyeshwa kwenye skrini kubwa siku ya ufunguzi wa mkusanyo huo. Huyo ni mimi. Hakuna mjadala.

Jumanne, 4 Machi
Nimerekodiwa, simu mbele ya pua. Nilianza vizuri. Mzinga, sega, nta. Halafu kichwa kikakauka. Mjukuu kaniambia shemeji kashanipita. Kanipita! Akauliza kile kijiti cha kuzibia mzinga kinaitwaje. Maisha yangu yote nimekiita "kile kijiti". Nikasema: kifurukutwi. Likatoka lenyewe, laini, kama limepakwa mafuta. Mjukuu kafurahi, kasema hajawahi kulisikia. Hata mimi.

Jumatano, 5 Machi
Kumbe mke wangu alisikia kutoka jikoni. Kaniambia: mzee, nimezeeka na wewe humu ndani, hicho kifurukutwi ulikuwa unakificha wapi? Kasema nitamfukuzisha mtoto kazi. Kweli, sikufikiria hilo. Nikamwombe shemeji aniunge mkono? Bora niumwe na mzinga mzima. Nimepata njia nyepesi zaidi: shemeji atasema halijui, neno litafutwa kimyakimya, yameisha. Akili hizi!

Alhamisi, 6 Machi
Hayakuisha. Shemeji kaulizwa, kajibu bila hata kukohoa kwamba kifurukutwi kakivaa tangu utotoni. Ni kofia ya kujikinga na nyuki! Kofia! Mwongo asiye na haya. Nimeinuka kwa hasira mpaka chai ikamwagika. Mtu mzima anapotosha neno la wahenga hivihivi, mchana kweupe!

Ijumaa, 7 Machi
Mjukuu katuita wote wawili maktaba, chumba cha nyuma. Kesho anampelekea bosi kazi yote. Nikamwambia shemeji yeye ni mtu wa kurina masega machanga akidhani ni asali. Akanijibu mimi hata kijinga sijui kukishika. Mjukuu akatuomba tusitukanane. Tukamgeukia kwa pamoja: matusi gani? Kijinga ni ukuni wenye moto, unawafukizia nyuki wasikuume! Tukaendelea. Shemeji kanipigia meza, mimi nikampigia kiti.

Kisha mjukuu akauliza, kwa upole sana, kama tunalijua neno mpwitopwito. Shemeji kasema ni moshi mzito. Nikasema wapi, ni moshi mwepesi.

Akasema kalitunga yeye, sasa hivi, akipanda ngazi.

Shemeji akatazama dari. Mtoto akafunika uso, akasema sasa hajui lipi letu la kweli, na hana cha kumpa bosi. Hapo roho iliniuma. Kidogo. Nimerudi nyumbani kwa miguu, shemeji pembeni yangu.

Jumapili, 9 Machi
Ushindi! Kumbe Ijumaa simu ya mjukuu ilikuwa inarekodi, haikuzimwa. Jana mjukuu kausikiliza ugomvi wetu wote, kakuta kwenye kutukanana tumemwaga maneno ya kale tele, na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kutunga. Kila neno, mmoja kalisema, mwenzake kalijibu. Yamethibitishwa! Kifurukutwi kakifuta. Inasikitisha, lakini basi.

Leo ufunguzi. Kwenye skrini, nusu mimi, nusu shemeji, tunanyoosheana vidole. Watu walicheka mpaka mlinzi akaja kuchungulia. Bosi kampa mtoto kazi ya kudumu. Mjukuu katuapisha palepale: tukiwa hatujui kitu, tuseme hatujui. Tumeapa, mikono juu.

Ndipo akataja kwamba sasa anatafuta wazee wafinyanzi. Mimi udongo nimeugusa tu nilipoteleza. Lakini nani anajua? Jioni nimempitia shemeji, tumekaa sebuleni kwake, mlango tumefunga. Tatizo letu lilikuwa maandalizi tu. Safari hii maana ya kila neno tunapatana mapema.