Shushan Anaishi Kwangu

Kwa Mheshimiwa Meya wa Lindevoorde,

Habari za ofisini, na lile goti lako limepona? Mimi ni Godelieve Vermassen, mjane wa Firmin mkamua ng'ombe. Shule sikwenda, kwa hiyo maneno haya ni yangu na mwandiko ni wa Shushan Melkumyan, Mwarmenia aliyepanga chumba changu cha juu. Ndiye huyo huyo ambaye barua yenu ya Jumatatu inasema haishi hapa. Askari wa mtaa alikuja mara tatu kuhakikisha makazi yake, kama anavyohakikishiwa kila mgeni anayejiandikisha. Hakumwona. Basi faili limefungwa, na kabla ya tarehe thelathini awe ametoka nchini.

Nina malalamiko.

1. Mlitaka jina lake kwenye sanduku la barua. Tukaliandika. Mkasema herufi ni ndogo. Tukaliandika kubwa hadi tarishi akaniuliza kama tumefungua duka.

2. Joris, askari wenu, huja saa nne asubuhi. Anasimama mlangoni, anaandika kitu, anaondoka. Saa nne Shushan yuko ghalani anachambua zile mboga nyeupe zinazooteshwa gizani, ambazo wewe mwenyewe unazila kila Jumapili na paja la nguruwe na jibini juu. Angekutwa nyumbani saa hiyo, mngemwandikia kwamba hana kazi, aondoke.

3. Mlitaka ushahidi. Mswaki wake upo. Viatu vyake viko mlangoni, najikwaa navyo kila siku. Paka wangu analala miguuni pake, si pangu, na hilo limeniuma kuliko barua yenu. Mwezi wa pili nilianguka bafuni, na aliyeniinua, akanipangusa, akanipikia supu yao ya mtindi, ni huyu msiyemwona. Au niliinuliwa na upepo?

4. Kama kuishi mahali ni kukutwa hapo saa nne asubuhi, basi Jumanne saa nne nilipiga simu kwako. Mkeo akasema, "Huyo? Hapa anakuja kulala tu." Nikampa pole. Tafadhali jifute kwenye daftari la wakazi, na wewe uwe umefungasha kabla ya tarehe thelathini.

5. Nimepita mtaa mzima na mkongojo wangu. Saa nne tunaokutwa ni mimi, paka, na Bwana Ghislain aliyevunjika nyonga. Firmin wangu naye, aliyehamia makaburini mwaka wa tisa huu, hakosekani mahali pake hata siku moja. Labda ndiyo maana kila Desemba bado mnamwalika kwenye kahawa ya wazee. Kwa hiyo Lindevoorde ina wakazi watatu na paka. Tumekaa kikao, wamenichagua mimi kuwa meya, Firmin hakupinga. Amri yangu ya kwanza: Shushan anaishi kwangu. Ya pili sijaifikiria.

Naomba faili lifunguliwe wiki hii. Si mzigo, ni mwanangu, na mimi sina mwingine wa kuniinua.

Msalimie mkeo, yule dada wa dirisha la tatu hapo ofisini kwenu mwenye mafua, na Joris, ambaye nilimfuta kamasi kabla hajaota meno.

Ni mimi, ninayekutwa nyumbani,
Godelieve Vermassen (msalaba huu ni wangu) ✕

Nyongeza: Shushan ameweka kalamu chini. Ameniuliza, mara zote tatu alizokuja Joris, ni nani aliyemfungulia mlango. Nikasema ni mimi. Akasema, "Na ukamwambia nini, Bibi?"

Basi. Wakati wa vita nilikuwa na miaka saba, na darini kwetu kulikuwa na watu wawili tuliowaficha chini ya nyasi kavu. Mama alinifundisha: mwenye sare akiuliza nani yumo ndani, jibu ni moja, "Mimi na paka tu, bwana." Joris alikuja na sare. Mdomo ukajibu kabla sijauruhusu, mara tatu, na mara ya tatu nikampa na keki.

Shushan amecheka hadi akatoa machozi, kisha kicheko kikaisha machozi yakabaki. Sasa ameshika kalamu tena. Mtume Joris Alhamisi jioni, nitasema kweli yote. Ila aje kavaa sweta, si sare.